Kifua kimepona, tumbo ndo limebaki

Kila baada ya wiki nne naenda kuwekewa dripu ya kingamwili, zile protini za damu zinazopambana na wadudu, maana mwili wangu hautengenezi za kutosha, na kabla sijakaa kwenye kiti sista ananipandisha kwanza kwenye mizani maana dozi yangu inapigwa kwa kilo. Anaandika namba kwenye kadi, anapiga hesabu, anaenda kuandaa chupa. Kadi ya mwaka ule mbaya ninayo mpaka leo, ukiisoma kutoka juu kushuka chini ni 63, 62, 60, 57, 54. Namba zimeandikwa vizuri tu, kila moja na sahihi yake pembeni, na miezi yote hiyo hamna mtu aliyeuliza huyu mbona anaisha, na mi mwenyewe sikufungua mdomo. Nlikuwa naulizwa kikohozi vipi, homa vipi, makohozi yana rangi gani, najibu kifua kiko safi asante, afu naomba wanisubiri kidogo nakimbilia chooni.

Hii post nimeichelewesha sana kwa sababu ya aibu. Kuongelea mapafu ni rahisi, ukisema nimonia watu wanakuonea huruma, ukisema naharisha huu mwezi wa sita watu wanaangalia pembeni. Lakini meseji ninazopata kutoka kwa wenzangu wenye hali hii, na kwa wazazi ambao watoto wao wanayo, karibu zote zinaishia hukohuko, mtu anaanza na maswali ya dripu anamalizia na tumbo, afu anaandika "samahani kwa kuuliza hili". Usiombe samahani jamani. Tuongee.

Kwa wageni: nimezaliwa na upungufu wa kingamwili, ule wanaouita CVID. Kuzaliwa nao haina maana unaonekana utotoni, wengi wetu tunagundulika tukiwa watu wazima kabisa, baada ya miaka na miaka ya nimonia, masikio na sainasi zisizoisha. Inakadiriwa ni mtu mmoja kati ya 25,000 hivi, na hilo jina ni kapu tu, ndani yake kuna watu wa kila namna, wachache wanapimwa jeni na kasoro inaonekana iko wapi, wengi haionekani. Tuna ndugu zetu wengine pia. Kuna watoto wa kiume wenye ile ya Bruton, ambayo mama anaibeba bila kuumwa afu anampa mwanae, aliyeieleza ni daktari wa jeshi la Marekani, Ogden Bruton, mwaka 1952, alikuwa na mgonjwa wa miaka 8 anaumwa kila mara damu yake haina kingamwili, akaanza kumchoma sindano za kingamwili chini ya ngozi mtoto akapata nafuu. Na kuna wale wanaokosa aina moja tu ya kingamwili, inaitwa IgA, hao ndo wengi kuliko wote, kwa watu wenye asili ya Ulaya ni kama mmoja kati ya 600 hivi, Japani ni wachache mno, na wengi wao wanazeeka bila kujua maana hawaumwi chochote. Kaka yangu ni wa kundi hilo. Nlipogundulika mi tukapimwa nyumba nzima, ye akakutwa IgA haisomi kabisa, na ni mzima wa afya tangu azaliwe. Hizi hali mbili zinatembea kwenye ukoo mmoja, daktari wetu wala hakushangaa.

Sasa, nimechukua miaka kuelewa kwanini kifua kilitulia baada ya kuanza dripu na tumbo likakataa, na nlipoelewa nlikasirika kwamba hakuna aliyenieleza siku ya kwanza, kwa sababu wala sio jambo gumu.

Kingamwili ziko za aina kadhaa. IgG ndo iliyojaa kwenye damu. IgA kazi yake kubwa iko kwenye sehemu zenye majimaji na ute, puani, mdomoni, kwenye njia ya hewa, na zaidi ya kote kwenye utumbo. Mtu mzima mwenye kinga kamili anatengeneza gramu kadhaa za IgA kila siku, ni nyingi kuliko kingamwili zingine zote ukizijumlisha, na sehemu kubwa inaenda tumboni. Chini ya ngozi laini ya utumbo kunakuwa na seli zinaitwa seli za plazma, zimejipanga kwa mamilioni, zinatoa IgA, seli za ukuta zinaibeba zinaivusha upande wa pili inaingia kwenye ute, na kule inawakamata bakteria na vimelea kabla hawajashika ukuta. Kazi ya kimya kimya, haileti homa wala uvimbe, ni ulinzi wa mlangoni.

Dripu yangu ni IgG. Inachujwa kutoka kwenye plazma, yaani majimaji ya damu, ya maelfu ya watu waliochangia, na kila nikiwekewa nawashukuru moyoni watu nisiowajua. Inaingia kwenye damu, baada ya wiki tatu hivi nusu yake inakuwa imeisha, ndo maana inabidi kurudia kila wiki tatu au nne, au kila wiki kwa wale wanaojichoma wenyewe chini ya ngozi. Inazuia nimonia, inazuia bakteria kuingia kwenye damu, imeniokoa maisha na sitanii. Lakini IgA haimo, au imo kidogo mno ya kutofanya lolote, na hata ingekuwemo ukiiweka kwenye mshipa haina njia ya kwenda kujipanga kwenye ute wa utumbo kama ile inayotengenezwa palepale. Dripu ya IgA kwa ajili ya tumbo haipo. Kwahiyo mtu anaweza kuwa kwenye matibabu sahihi kabisa, kiwango cha IgG kizuri, kifua safi, na mlango wa tumbo uko wazi. Ningeambiwa hilo mapema nisingekaa miezi yote ile nikidhani nimekula vibaya.

Mfano unaonishtua mpaka leo ni wa yule mtu wa Uingereza ambaye watafiti waliandika habari zake mwaka 2015. Utotoni alipewa matone ya chanjo ya polio, yale ya virusi hai waliodhoofishwa, baadae sana akagundulika ana CVID kama mi. Virusi vya chanjo vilikaa kwenye utumbo wake vinazaliana na kutoka kwenye choo kwa miaka 28. Miaka 28! Kwa mtoto wa kawaida vinaisha ndani ya wiki chache. Ndo maana mtoto anayejulikana ana tatizo kubwa la kingamwili hapewi matone ya virusi hai, anapewa ile ya sindano ambayo virusi vyake vimekufa, na kama una mtoto wa namna hiyo waambie watu wa chanjo kabla hawajafungua kichupa.

Narudi kwangu. Ilianza kama tumbo la kawaida, choo cha maji mara tatu nne kwa siku, gesi, tumbo linaunguruma mpaka mtu wa jirani anasikia, afu nabeua harufu ya mayai viza. Nikaenda kwa daktari wa kwanza, akasema ni mawazo, punguza mawazo dada, akanipa dawa ya kutuliza tumbo. Simlaumu kwa kuwaza hivyo maana tumbo la mawazo lipo kweli, ila kuna kitu hakuuliza: unaamka usiku? Nlikuwa naamka, saa nane, saa kumi, tumbo linaniamsha usingizini. Baadae nikaja kuambiwa kwamba tumbo la mawazo kwa kawaida linalala ukilala, likikuamsha usiku, au kuna damu, au unakonda, hapo kuna ugonjwa wa kutafutwa. Mi nlikuwa na viwili kati ya vitatu.

Daktari wa pili akapima choo, majibu hakuna kitu. Nikarudi nyumbani nimefurahi kumbe bado. Ni wa tatu, huyu anayenitibu sa hivi, aliyesema choo cha siku moja hakitoshi, lete sampuli tatu za siku tofauti, maana kuna kimelea anaitwa giadia, hatoki kila siku, leo yupo kesho hayupo. Sampuli ya pili ikamkuta.

Giadia anasumbua watu wote duniani, ni kijidudu cha seli moja, kinaingia kwa maji au mikono michafu kikiwa kwenye ganda, kikifika utumbo mwembamba kinatoka kwenye ganda kinajibandika ukutani. Mtu mwenye kinga kamili anaharisha wiki kadhaa, mara nyingi mwili unamaliza wenyewe au dawa ya siku chache inamaliza. Kwetu anaganda. Kati ya vimelea vya tumbo huyu ndo anatajwa zaidi kwa watu wenye upungufu wa kingamwili, na mi nimetibiwa naye mara nne. Metronidazoli, nikapona wiki mbili akarudi. Metronidazoli tena siku nyingi zaidi, akarudi. Tinidazoli, akaondoka miezi miwili nikaamini nimepona kabisa, nikasherehekea, akarudi. Ya nne ndo daktari akachanganya dawa mbili akaongeza muda, na safari hii akapima na watu wote tunaoishi nao nyumba moja, akakutwa mtu mwingine anaye na wala haumwi! Tukatibiwa wote siku moja. Hapo ndo akaisha. Kama umetibiwa mara mbili tatu anarudi, kabla hujalaumu dawa uliza kama wa nyumbani kwako wamepimwa.

Na maji yachemshwe. Ganda la giadia linavumilia klorini kuliko bakteria wa kawaida, kwahiyo maji kuwa na dawa sio uhakika kwa mtu kama mi, yakichemka kabisa anakufa. Mikono kwa sabuni na maji, ile jeli ya spiriti naitumia nikiwa njiani lakini siitegemei, wapo wadudu wa tumbo ambao haiwasumbui sana, norovirusi mmojawapo.

Norovirusi nisimpite haraka. Kwa watu wengine ni ugonjwa wa siku mbili tatu, kutapika, kuharisha, umepona. Kwa baadhi ya watu wenye CVID anakaa miezi, wengine miaka, anakula ule ukuta wa utumbo taratibu mpaka mtu anakonda vibaya, na dawa ya uhakika ya kummaliza haipo bado. Mi nlipimwa sikukutwa naye, ila nlimuomba daktari anipime, na kipimo chenyewe ni kile cha kutafuta chembe za urithi za kirusi kwenye choo, darubini ya kawaida haimuoni. Kuna na bakteria, kampilobakta na salmonela, hawa wanaweza kukaa muda mrefu au kurudi rudi, na kwa wale vijana wa ile ya Bruton kampilobakta anaweza mpaka kutoka tumboni akaingia kwenye damu, kwahiyo homa pamoja na kuharisha kwao hakuna kusubiri kesho.

Basi giadia kaisha, sampuli tatu safi, miezi miwili baadae tatu zingine safi. Na mi bado naharisha.

Hicho ndo kipindi nlichokata tamaa kweli. Kilo 54, miguu inavimba jioni, nywele zinatoka, nachoka nikipanda ngazi. Na kingine, kiwango changu cha IgG kabla ya dripu kilikuwa kinashuka wakati dozi ni ileile, wakaongeza dozi, kikapanda kidogo kikashuka tena. Hapo ndo daktari akaunganisha mambo: protini zinavuja. Utumbo ukiwa na jeraha kubwa protini za damu zinapita zinatoka na choo, na IgG ni protini, kwahiyo ile dripu nliyokuwa nawekewa, plazma ya watu wema waliokaa kwenye kiti wakatoa, sehemu yake ilikuwa inaishia chooni. Albumini, protini nyingine ya damu, ilikuwa chini ndo maana miguu ilivimba. Kuna kipimo cha choo cha protini fulani ya damu ambayo haimeng'enywi tumboni, ikionekana nyingi kwenye choo ujue kuna uvujaji, yangu ilikuwa juu sana. Kwahiyo wewe ambaye dozi inaongezwa kila mara na kiwango hakipandi, naomba uwaambie waangalie tumbo.

Nikaingizwa kamera kwa juu na kwa chini, wakachukua vipande vya nyama. Utumbo mwembamba una vijidole vidogo vidogo sana vinavyofyonza chakula, vya kwangu vilikuwa vimelala, vimekuwa bapa. Ripoti ya kwanza ikaandika seliaki, yaani ule ugonjwa wa kutovumilia gluteni, protini ya ngano, nikaambiwa acha ngano na shayiri maisha yako yote. Nikaacha. Nlikuwa mkali kwelikweli, nasoma kila pakiti, nabeba chakula changu kila ninakoenda, miezi sita. Hamna kilichobadilika hata kidogo.

Na hapa kuna jambo ambalo ningetamani kila mtu mwenye hali yetu alijue kwa moyo. Kipimo cha damu cha seliaki kinatafuta kingamwili, tena kile cha kawaida kinatafuta za aina ya IgA. Mtu asiyetengeneza IgA kipimo kitasema hana, hata kama ugonjwa anao! Kaka yangu alishapimwa hivyo akaambiwa safi, na wasiokuwa na IgA ndo hao hao wanaopata seliaki zaidi ya watu wengine. Ilibidi arudie kwa kipimo cha aina ya IgG. Kwangu mi hata hicho hakisaidii kwa sababu IgG sitengenezi ya kutosha, na ile iliyomo kwenye damu yangu ni ya wachangiaji, kwahiyo ukinipima kingamwili unapima historia ya watu wengine. Nimewahi kupewa majibu kwamba nilishapata homa ya ini aina ya B, nikalia usiku kucha, kumbe ni kingamwili za dripu, kipimo cha kirusi chenyewe kikasema hayumo. Na ile ya bakteria wa vidonda vya tumbo, pailori, ukipimwa kwa damu ni kingamwili hizohizo, inatakiwa kipimo cha choo au cha pumzi au kipande cha nyama. Kwa ufupi kwetu inatafutwa alama ya mdudu mwenyewe, sio alama ya mwili ulivyopambana naye.

Kilichomaliza ubishi wa seliaki kwangu ni kipimo cha jeni. Karibu kila mwenye seliaki ana jeni za DQ2 au DQ8, mi sina zote mbili, kwahiyo haikuwa seliaki. Vile vipande vikasomwa tena na mtaalamu anayejua magonjwa ya kinga, naye akaandika neno moja ambalo wa kwanza hakuliona: seli za plazma hazipo. Zile zilizotakiwa kujipanga kwa mamilioni chini ya ukuta wa utumbo, hakuna. Nlikaa na hiyo ripoti nikaisoma mara nyingi. Miaka yote nimejua kwenye karatasi kwamba sina kingamwili, lakini kuambiwa wameangalia ndani ya tumbo langu kwa darubini na askari hawapo kambini, hiyo iliniingia kwa namna nyingine.

Kwahiyo jina la ugonjwa wangu wa tumbo ni ugonjwa wa utumbo wa CVID wenyewe. Unafanana na seliaki lakini sio, kwa wengine unashuka utumbo mpana unafanana na ile mivimbe ya muda mrefu yenye vidonda na damu, lakini nao sio sawasawa. Chanzo ni kwamba kinga iliyobaki imekosa utaratibu, seli za kinga za aina nyingine zinajazana ukutani zinashambulia utumbo wenyewe. Watu wananiuliza inakuwaje kinga ipungue afu hapohapo ishambulie. Mi naielewa hivi, kinga ni kama gari, ina pedali ya mafuta na ina breki, na kasoro hizi za kuzaliwa mara nyingi zinagusa vyote viwili. Kuna watu ambao jeni iliyoharibika ni ya breki kabisa, CTLA4 au LRBA, hao wanakuwa na tumbo kali sana, na kwao kuna dawa inaitwa abatasepti inayofanya kazi kama breki iliyokosekana. Ndo maana mtu mwenye CVID na tumbo kali anafaa kupimwa jeni kama inawezekana, majibu yanaweza kubadilisha dawa.

Mi nlipewa budesonaidi, ni ya jamii ya steroidi lakini kazi yake kubwa inaishia kwenye utumbo, ikifika kwenye ini nyingi inavunjwa kabla haijasambaa mwilini. Nliogopa sana kuimeza, nina kinga pungufu na napewa dawa ya kupunguza kinga, nlikaa na boksi kwenye meza siku tatu. Daktari hakunilazimisha, akanieleza tena, akasema tumeshahakikisha hakuna giadia, hakuna kampilobakta, hakuna norovirusi, ndo maana sasa tunaweza kutoa hii, tungeanza nayo tungewapa wadudu nafasi. Huo mpangilio ndo ulionituliza, kwanza kumtafuta mdudu, afu ndo kutuliza uvimbe. Wiki ya tatu choo kikaanza kuwa na umbo. Sitasahau asubuhi ile.

Mengine nayataja tu. Bakteria wa utumbo mpana wanaweza kupanda juu wakajaa utumbo mwembamba, tumbo linajaa gesi kila ukila, wanatibiwa kwa antibayotiki za muda. Antibayotiki zenyewe, ambazo sisi tunakunywa sana kwa ajili ya kifua, nazo zinaharisha na zinaweza kumpa nafasi yule bakteria wa difisile, anayeharisha watu baada ya antibayotiki, kwahiyo tumbo likianza ukiwa kwenye dozi au baada ya dozi useme ulikunywa nini. Maziwa yanaweza kukukataa wakati ukuta umeumia afu yakakubali ukipona. Madini ya chuma, B12, foliki, vitamini D, zinki, vyote vipimwe maana utumbo ulioumia haufyonzi, mi B12 nachomwa sindano. Ini nalo liangaliwe hata kama huna dalili, kuna watu wetu wanapata vinundu kwenye ini taratibu mpaka presha ya mshipa wa ini inapanda, na mara nyingi dalili ya kwanza ni namba moja tu kwenye vipimo vya damu. Na tumbo la chakula lenyewe, watu wenye CVID wana hatari kubwa kuliko wengine ya saratani ya tumbo na ya limfoma, ile ya seli za kinga, kwahiyo pailori akionekana anatibiwa na kuhakikishwa ameisha, na kamera inarudiwa kila baada ya muda ambao daktari wako atapanga. Sijaandika hili kumtisha mtu. Mi mwenyewe nlilala vibaya wiki nzima nliposoma, ila nimeona bora nijue niwe napimwa.

Kitu kimoja nakusihi usikifanye, nlikifanya mi: kununua dawa za minyoo na antibayotiki na kumeza kila tumbo likichafuka, bila kupeleka sampuli. Unamuua nusu mdudu, kipimo kinasoma hakuna, daktari anabaki gizani, miezi inapita. Peleka choo kwanza afu meza. Na hizi bidhaa za bakteria hai wanaosifiwa kusaidia tumbo, kwetu ni vitu vya kuuliza kwanza, bakteria hai ni hai.

Sa hivi nina daftari dogo, kila siku naandika choo mara ngapi, kama nimeamka usiku, kama kuna damu au mafuta yanaelea, na kila Jumatatu kilo. Nikienda kwenye dripu naliweka mezani mbele ya sista kabla sijapanda kwenye mizani. Mara ya kwanza alicheka kwa mshangao, akasoma, akanyamaza, afu akaniambia dada yangu mbona hukutuambia, na mi nikamwambia hamkuniuliza, tukaangaliana wote tuna machozi. Tangu siku hiyo anawauliza wagonjwa wote kwenye vile viti, taratibu, anainama karibu na sikio la mtu ili wengine wasisikie. Mwezi uliopita kijana mmoja aliyekaa kiti cha pembeni yangu, wa ile ya Bruton, alimjibu kwamba anaharisha tangu mwaka jana. Hakuna mtu alikuwa anajua, hata mama yake aliyemsindikiza.

Kadi yangu inasoma 54, 55, 57, 59, na juzi 59 na nusu. IgG kabla ya dripu imepanda kwa dozi ileile ya zamani. Dozi ya budesonaidi tumeanza kuipunguza na tumbo limechafuka mara mbili tangu tupunguze, kwahiyo wiki mbili zijazo narudi kwenye kamera wachukue vipande vingine, waangalie vile vijidole vimesimama au bado. Majibu yakitoka ntaandika.